Tumbili na Wana wa Ndege

Kila asubuhi ya utoto wangu ilianza kwa kikohozi cha mtu nisiyemjua. Kwetu, mgeni anayefika kabla ya jua kuchomoza hapigi hodi akawaamsha watoto. Husimama uani, akakohoa, akangoja. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nimekwisha kujifunza kuwatambua watu kwa vikohozi vyao, mimi nikiwa bado chini ya blanketi. Kulikuwa na kikohozi kikavu cha mzee aliyekuja kuulizia basari ya mjukuu wake, kikohozi cha haraka cha kijana aliyetaka kuandikwa kibarua kwenye barabara mpya, na kikohozi cha chini cha mama mjane, kama cha mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai. Kisha ningesikia malapa ya mama yakiburuzwa kuelekea jikoni, kuni zikivunjwa, sufuria kubwa ikitua juu ya mafiga, na moshi wa mgunga ungeingia chumbani kwetu kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na mabati. Hivyo ndivyo nyumba ya mheshimiwa ilivyoamka, nami nilidhani nyumba zote duniani huamka hivyo.

Baba yangu alikuwa mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, huku upande wa Kathonzweni, mahali penye udongo mwekundu ambapo mvua huahidi sana na kutimiza kidogo. Kabla ya siasa alikuwa fundi wa pampu za visima. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akiwa na spana na mipira ya kubadilisha, na hakukuwa na kijiji ambacho hakikuwahi kunywa maji kwa sababu yake. Watu walimpigia kura kwa mikono ile yenye grisi. Lakini mheshimiwa hashiki spana. Mikono yake ikawa laini, akanunua suti ya rangi ya majivu, na kazi ya kushika vitu akaachiwa Kimeu, msaidizi wake, aliyebeba simu zote mbili za baba na kuamua nani aonane naye na nani angoje. Kimeu alituletea mikate kutoka sokoni, akatuita mabosi wadogo, akajua hata kiatu changu ni saizi gani. Mimi na ndugu yangu mdogo, Mutuku, tulimwita anko, na tulimpenda kuliko anko zetu wa kweli.

Mama ndiye aliyejua uzito wa cheo kile, kwa kuwa aliubeba mgongoni. Sijui ni magunia mangapi ya mahindi yaliyokobolewa kuwa muthokoi katika uga ule, na maharage yaliyochemka, na chai iliyomiminwa. Alipokuwa peke yake jikoni aliegemea ukuta na kufumba macho, akisubiri maji yachemke. Wakati mwingine nilidhani amelala wima kama punda. Susu, mama yake baba, ambaye nyumba yake ndogo ilikuwa nyuma ya yetu, alimwambia mara kwa mara kwa Kikamba chake cha polepole kwamba nyumba ambayo kila mtu anakula ni nyumba ambayo hakuna anayeshiba. Mama alicheka tu kwa pua. Alikuwa amechoka mno hata kucheka kwa mdomo.

Mtu mmoja tu katika ukoo wetu hakuja kula. Huyo ni mjomba Musembi, kaka yake mama, mwenye kinu cha kusaga unga kule Kabati. Zamani alikuwa akija kila Krismasi. Kisha baba alipochaguliwa alimwita mbele ya wageni na kumwambia kwamba atamtafutia kazi ya kuuzia kaunti matangi ya maji. Mjomba aliweka kikombe chini na kusema, "Shemeji, nikikula na wewe leo, kesho ukikosea nitashindwa kukuambia." Baba alicheka, lakini hakusahau, na tangu siku hiyo ikawa inasemwa nyumbani kwetu kwamba Musembi ana wivu. Sisi watoto tuliamini. Ni rahisi mtoto kuamini kwamba asiyekuja kwenu anawaonea wivu.

Barabara mpya ilikuwa ikijengwa na kampuni ya Wachina, na meneja wao alikuwa mgeni wa mara kwa mara kwa sababu ya mambo ya changarawe na maji ya kumwagilia vumbi. Hakujua neno la Kiswahili. Alikuja na mkalimani, msichana mwembamba mwenye miwani na kofia pana ya jua, aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu huko kwao. Jina lake Lin, nasi tukamwita Anti Lin. Kiswahili chake kilitushangaza. Hatukuwahi kusikia binadamu akiongea kama kitabu cha darasani. Alisema "tafadhali naomba unisogezee kigoda hicho," hali sisi tulisema "nipatie hiyo kiti." Alimwamkia kila mzee kwa "shikamoo," na wazee wetu, ambao si watu wa shikamoo, walitazamana, mmoja akajibu "poa," mwingine "asante," naye susu akajibu "Aa," kama anavyojibiwa mtu aliyesalimia kwa Kikamba. Hicho ndicho kilichowaunganisha. Anti Lin alivutiwa na jinsi susu alivyosokota katani pajani, akaomba afundishwe kusuka kiondo, na Jumapili mchana, siku yake ya mapumziko, akawa anatembea kutoka kambini kuja kukaa mkekani na susu. Mimi nilikuwa mkalimani wa mkalimani: susu Kikamba, Anti Lin Kiswahili, mimi katikati nikijiona mtu mkubwa.

Kisha zikaja kura za mchujo wa chama. Chama kile ndicho kilichokuwa na nguvu kwetu, kwa hiyo aliyeshinda mchujo alikuwa amekwisha kushinda uchaguzi wenyewe. Mpinzani wa baba alikuwa Kyalo, mfanyabiashara wa mbao mwenye sauti nene, mtu wa kanisa letu. Siku ile tulibaki nyumbani na mama, redio ikiwa imewashwa, uga umejaa watu waliokuja kusubiri sherehe. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo. Jua lilipoanza kupoa, simu ya mtu mmoja ililia, akasikiliza, akaitia mfukoni. Akainuka, akajipangusa suruali, akasema anaenda kuangalia ng'ombe wake. Kisha mwingine naye akawakumbuka ng'ombe wake. Sikujua kwamba watu wa kwetu wana ng'ombe wengi hivyo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauangalia uga uliokuwa ukipungua, akaelewa kabla hatujaambiwa. Alirudi ndani akapunguza moto chini ya sufuria.

Baba alifika jioni ile na Kimeu. Yeye alipita moja kwa moja chumbani. Kimeu aliziweka zile simu mbili mezani, juu ya kitambaa cha mama, akazisogeza zikae sawasawa.

"Utakunywa chai?" mama alimwuliza.

"Hapana, mama. Mimi wacha niende."

"Kesho utakuja?"

Kimeu aliangalia viatu vyake. "Mama, si unajua vile mambo iko. Mimi niko na watoto."

"Hata sisi tuko na watoto," mama alisema, lakini bila hasira, kama mtu anayetaja tu jambo lililopo. Kimeu alinishika kichwa akipita, akaondoka. Wiki hiyohiyo tulisikia amebeba simu za Kyalo.

Asubuhi iliyofuata walikuja majirani wachache kusema pole. Walikaa ukingoni mwa viti na kuondoka mapema. Asubuhi iliyoifuata hiyo, niliamka mwenyewe. Nilikaa kitandani nikisikiliza, nisijue ni nini kinachokosekana, mpaka nikagundua kwamba hakuna anayekohoa. Nilichungulia dirishani. Baba alikuwa ameketi barazani, amevaa suti yake ya majivu na tai, mikono juu ya magoti, anaiangalia njia. Mama alikuwa amepika sufuria kubwa kwa mazoea. Tulikunywa chai ile siku nzima, ikapashwa moto tena na tena mpaka ikawa chungu, na hakuna aliyetaka kuimwaga.

Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba watoto wake hushuka naye, kila mmoja kwa ngazi yake. Shuleni, mwalimu aliyekuwa akiniuliza habari za baba kila Jumatatu aliacha kuuliza. Wasichana waliokuwa wakigombania kukaa nami walipata nafasi kwingine. Lakini lililomvunja baba lilikuwa kanisani. Kwa miaka ile yote alikuwa na kiti chake mbele, kiti cha mbao chenye mto, karibu na wazee wa kanisa. Jumapili ya kwanza baada ya mchujo alitembea kwa mazoea hadi mbele, na Kyalo alikuwa ameketi pale. Hakuna aliyemfukuza baba. Kijana mmoja wa kukaribisha watu alikimbia akaleta kiti cha plastiki, akakosa mahali pa kukiweka, akasimama nacho mikononi. Kwaya iliendelea kuimba. Baba aligeuka akarudi nyuma kupitia katikati ya kanisa zima, akaja kukaa nasi kwenye benchi letu la wanawake na watoto, magoti yakigusa kifua kwa ufinyu. Hakurudi kanisani tena kwa muda mrefu.

Meneja wa barabara naye hakuja tena. Gari lake jeupe lilipita njia yetu likielekea kwa Kyalo, likituachia vumbi. Lakini Jumapili mchana Anti Lin alikuja kwa miguu kama kawaida, na kofia yake na katani yake mfukoni. Alimwamkia baba pale barazani, baba akaitikia bila kumtazama. Tulikaa mkekani kwa susu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, nikamwuliza kwa nini amekuja ilhali watu wote wamehama.

Alimalizia mstari wake wa kiondo. "Kwetu tuna msemo wa maneno matano," akasema. "Shu dao hu sun san. Mti ukianguka, tumbili hutawanyika. Maana yake, mtu mwenye nguvu akipoteza nguvu zake, wale waliomzunguka kwa faida yao humkimbia."

Nilimtafsiria susu. Susu alicheka mpaka akakohoa. Alisema tumbili anawajua vizuri. Maisha yake yote amewafukuza shambani. Akataka kujua ni nani aliyeutunga msemo huo, maana aliyeutunga lazima alikuwa na shamba la mahindi.

Basi Anti Lin akatusimulia. Zamani za wafalme, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, kulikuwa na waziri mkuu mwenye nguvu nyingi na moyo mbaya, aliyeogopwa nchi nzima. Kulikuwa na mtu mmoja aliyempenda waziri huyo kwa ulimi. Alimsifu asubuhi, akamsifu jioni, na kwa sifa hizo akapandishwa cheo juu ya cheo. Watu wote wa ukoo walikuja kumpigia magoti ili nao wapate makombo, isipokuwa mmoja: kaka wa mkewe. Huyo hakuja kumsifu wala hakutaka chochote. Bwana yule wa sifa alikasirika. Aliwaagiza maofisa wamtafutie shemeji yake kosa, wamsumbue mpaka apige magoti. Walitafuta, kosa halikupatikana, na magoti hayakupigwa. Miaka ikapita, waziri mkuu akafa. Wote waliopanda kwa mgongo wake wakaangushwa, na yule bwana akapelekwa mbali kusini, mahali pa joto na homa. Huko ndiko shemeji yake alikomtumia mjumbe na utungo wa dhihaka. Alipoufungua, juu kabisa palikuwa na maneno hayo matano. Mti umeanguka, tumbili wametawanyika.

"Kwa hiyo baba ni mti," nikasema.

Anti Lin aliivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Watu husahau jambo moja," alisema. "Utungo ule haukupelekwa kwa mti. Mti ulikuwa waziri, naye alikuwa amekufa. Aliyetumiwa ni tumbili. Alikuwa amekaa kwenye tawi la juu sana, akafikiri yeye ndiye mti." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi ni tumbili, usinisifu. Kesho Jumatatu nitakaa kwa mheshimiwa mpya, nitafasiri anayoyasema, nitacheka akicheka. Ndiyo kazi yangu. Jumapili ni yangu mwenyewe."

Nilimwambia kwamba hata sisi tuna methali ya mti, mwalimu alituandikia ubaoni: mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Aliijua. Aliipenda, alisema, tangu chuoni, kwa sababu wazee wa kwao walipouona mti ukianguka waliwatazama wanaokimbia, na wazee wa Kiswahili waliwatazama wasioweza kukimbia. Susu, nilipomtafsiria hilo, hakucheka. Alinivuta karibu yake kwa mkono wake mkavu, akaendelea kusuka kwa mkono mmoja.

Jioni ile nilimpelekea baba uji barazani na kumsimulia hadithi yote. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka ajue kwamba jambo lililompata lilikuwa limewapata watu wa mbali, wa zamani, na kwamba lilikuwa na jina. Alisikiliza akiwa ameshika bakuli bila kunywa. Nilipofika kwenye tumbili aliyejifikiria mti, kitu kilipita usoni pake, nusu tabasamu.

"Na huyo shemeji," akauliza, "alimtumia maneno tu? Hakwenda kumwona?"

"Anti Lin hakusema."

"Muulize."

Nilimwuliza Jumapili iliyofuata. "Hadithi inaishia pale utungo unapofunguliwa," alisema. "Hakuna aliyeandika zaidi." Nilipomletea baba jibu hilo alitikisa kichwa polepole, akasema, "Basi ni hadithi mbaya," akarudi kuiangalia njia.

Susu alikufa kiangazi hicho, baada ya uchaguzi mkuu, wakati nyasi zilikuwa nyeupe na visima vimeanza kutoa matope. Alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Mwili ulipelekwa mochari kule Wote, nasi tukaanza kungoja. Mwaka uliotangulia, alipofariki binamu wa mbali wa baba, mahema yalijaa uga mpaka barabarani, magari makubwa yalikuja, na hotuba ziliendelea hadi jua likazama. Baba alitaka mama yake azikwe vivyo hivyo. Alichukua zile simu mbili na kuwapigia wakubwa aliowahi kuwafanyia kampeni. Wengine hawakushika. Wengine walishika na kusema watamjulisha, wapo kwenye shughuli za kuapishwa. Akasogeza siku ya mazishi mbele. Akaisogeza tena. Majirani waliokuwa wakija jioni kwa maombi wakaanza kupungua, maana hakuna anayejua namna ya kuomboleza msiba usio na siku.

Usiku na mchana nilimsikia mama akimsihi baba amzike. Sijamsahau siku alipoacha kusihi. Alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo, akauweka chini.

"Mama yuko kwenye baridi," alisema. "Yeye anangoja wewe. Wewe unangoja watu."

"Mama yangu hatazikwa kama mtu asiye na mtoto," baba alijibu.

"Yuko na mtoto. Mtoto ndiye hataki kumzika."

Baba aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani ameenda kumpigia mtu simu. Nilipochungulia, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa susu uliofungwa, paji la uso limeegemea mbao.

Keshoye asubuhi gari la kubeba unga liliingia uani, jeupe kwa vumbi la safari ndefu. Alishuka mjomba Musembi na wanawe wawili wakubwa. Sijui kama mama alimwita. Hakuwahi kusema, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Walishusha magunia ya unga na mitungi ya maji kutoka Kabati, kisha majembe, sururu na mtaimbo. Nilikuwa na hakika kwamba huyu ni yule shemeji wa hadithi, amekuja na maneno yake matano. Baba naye, nadhani, alikuwa na hakika hiyohiyo, kwa sababu alikaa wima kwenye kiti chake cha barazani, akajifunga kifungo cha koti, kama mtu anayengojea kusomewa hukumu.

Mjomba alimpa mkono. Walishikana muda mrefu kuliko kawaida.

"Pole kwa mama," mjomba alisema.

"Asante."

"Alisema azikwe wapi?"

"Kando ya mzee wake. Pale juu."

Mjomba aliangalia mahali pale, kwenye mteremko wa mawe. "Hapo ni mwamba. Tukianza sasa, kesho kutwa tutakuwa tumefika." Akamnyooshea baba sururu, mpini mbele. "Vua hiyo koti, shemeji."

Baba aliitazama sururu. Sisi sote tulimtazama yeye. Sikumbuki upepo wala jua, nakumbuka tu mama akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mikono yake ndani ya kanga. Kisha baba akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati, akaipokea.

Walichimba siku ile na iliyofuata. Ardhi ilikuwa ngumu, sururu zikitoa cheche kwenye mawe, na mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Huo mlio ndio uliowaita watu kuliko simu zote za baba. Alikuja mzee mmoja na jembe lake, kisha vijana wawili wa nyumba ya chini. Akaja yule mama mjane aliyekuwa akikohoa kwa unyonge uani kwetu. Alileta mzigo wa kuni kichwani, akautua jikoni, akachukua mwiko kutoka mkononi mwa mama na kumwambia akae. Hawakuwa wengi. Mikono ya baba ilitoka malengelenge yakapasuka, akayafunga kwa kitambaa akaendelea. Jioni alikula ugali na mjomba kutoka sahani moja, wote wawili wamejaa udongo. Sikuwahi kuwasikia wakizungumzia yale ya matangi ya maji, si wakati huo wala baadaye.

Tulimzika susu siku ya katikati ya juma. Pasta alikuja kwa pikipiki. Hakukuwa na hema wala kipaza sauti, kwa hiyo hapakuwa na hotuba. Baba mwenyewe aliongea maneno machache, sauti yake ya kawaida, ile ya zamani kabla ya mikutano, na ilitutosha. Mkubwa hata mmoja hakuja. Kimeu hakuja. Anti Lin alikuja ingawa haikuwa Jumapili; alikuwa ameomba ruhusa, na hakusema alipewa au alinyimwa. Alikaa na wanawake akitoa mawe kwenye mchele, na nilipokwenda kukaa kando yake aliniuliza kama mtu yule mwenye shati lililokunjwa ndiye mjomba. Nilisema ndiye. Alimtazama kwa muda. "Huyu hakuandika," alisema, na akaendelea kuchambua mchele.

Barabara ilimalizika mwaka uliofuata, kambi ikavunjwa, na Anti Lin akahamishiwa nchi nyingine. Baba alirudi kwenye pampu. Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Mara ya kwanza alipotoka na spana zake alizunguka kwa njia ya nyuma asionekane sokoni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu, na ni kweli, lakini hawasemi jinsi dhiki inavyokuchosha kabla hujamjua rafiki huyo.

Sasa mimi ni mwalimu kule Zombe, upande wa pili wa Kitui, na nafundisha methali. Kila darasa lina mtoto wa mtu mkubwa, na nimeona jinsi wenzake wanavyomzunguka. Siwaambii kitu. Nimechoka kidogo na siasa, na mambo mengine mtoto hawezi kuambiwa. Watu wa siku hizi ni walewale, wanakohoa kwenye uga mwingine tu, na simu wanazobeba zimekuwa nyembamba zaidi. Tofauti ninayoiona si kwao. Ninaiona kwa mzee mmoja anayenuka grisi, ambaye zamani hakuweza kunywa uji wake kwa kuiangalia njia.

Katika uchaguzi uliopita Kyalo naye aliangushwa. Nilikuwa nyumbani matokeo yalipotangazwa. Sokoni watu walicheka na kupiga honi, na jirani mmoja alikuja mbio kumletea baba habari hizo akitarajia naye acheke. Baba alimshukuru, akaendelea kuloweka mipira ya pampu kwenye mafuta. Siku iliyofuata hakutoka. Lakini asubuhi ya baada ya hapo nilimwona akinawa uso, akichukua fimbo yake na kuvaa kofia. Mama alimwuliza anakwenda wapi. Akasema, kwa Kyalo.

Mama alisimama akiwa na ndoo mkononi. "Kama ni pole, si ungeenda jana na wenzako?"

"Jana kulikuwa na watu," baba alisema. "Siku ya kwanza huja watu. Ni hii ya pili ambayo hakuna anayekohoa uani."